Saa Iliyorudi Nyuma Getini

"Kazi yako hasa inaishia wapi?"

Mama aliniuliza hivyo tukiwa Iyula, tumesimama pande mbili za kichanja cha kuanikia kahawa, tunageuza punje kwa viganja. Ukungu ulikuwa haujainuka. Nilimwona kuanzia kifuani kwenda juu tu. Miguu yake ilikuwa imepotelea kwenye weupe, kana kwamba anaelea juu ya shamba lake mwenyewe. Hakuwa na nia ya kunichokoza. Wanawake wenzake wa kanisani walikuwa wamemuuliza binti yake aliyesoma anafanya nini, akajibu anatengeneza programu za kompyuta. Wakamuuliza tena, akishazitengeneza anafanyaje? Hapo akaja kuniuliza mwenye kazi.

Nilimjibu kwa swali, kama nilivyozoea. Nilimuuliza kahawa yake inaishia wapi. Akasema inaishia kwenye mizani ya chama cha ushirika. Nikamwambia basi na ya kwangu ni hivyohivyo, inaishia siku ya kukabidhi. Akaokota punje iliyooza, akaitupa nyuma ya bega.

"Kahawa mtu akiinywa imekwisha," alisema. "Ya kwako nani anaimaliza?"

Nilimwambia maji ya uji yanachemka, nikaenda jikoni.

Miaka ile nilikuwa naandika programu kwa mikataba. Mtu ananieleza anachotaka, tunasaini, naandika kwa miezi miwili au mitatu, nakabidhi, naondoka. Niliwahi kuandikia mashine ya kukoboa mpunga kule Kamsamba, ambako joto lilinilazimu kufanya kazi miguu ikiwa kwenye beseni la maji. Niliwahi kuandikia shule, na duka la dawa za mifugo. Nikishaondoka sikujua kilichoendelea. Nilizifikiria programu zangu kama watu niliowahi kukaa nao kiti kimoja kwenye basi: tulizungumza vizuri, wakashuka, basi.

Hali ile niliipenda. Nilikuwa mtu wa kutotulia, na chuo kikuu kiliniongezea ugonjwa huo badala ya kuuponya. Kila nilichoambiwa nilikiuliza kimetoka wapi. Niliwachosha wahadhiri, nikamchosha mchungaji wetu, nikamchosha na kijana mmoja aliyetaka kunioa, ambaye siku moja aliniambia kwamba kuishi na mimi ni sawa na kuishi na polisi wa usalama barabarani. Mkataba ulinifaa kwa sababu ulikuwa na mwisho. Kabla sijachoka na mahali, mahali palikuwa pameshakwisha.

Hapa inabidi niseme jambo kuhusu Tunduma ambalo sisi wenyewe hatulisemi.

Nilipokuwa mdogo, mama alinipeleka Tunduma mara chache kwa mwaka kununua sare za shule na vyombo. Wakati mwingine tulivuka hadi Nakonde, upande wa Zambia, hatua chache tu. Huku ikiwa saa nne asubuhi, kule ni saa tatu. Mama aliniambia tumeongezewa saa moja, nami nilimwamini kama nilivyoamini kila kitu kabla sijaanza kuuliza. Tulikaa kwenye benchi la saruji tukala maandazi, na moyoni nilijua kwamba muda ule tunaoutumia kula si wa siku ile. Ulikuwa wa ziada, umetoka mahali pasipojulikana, laini na mtulivu, na watu waliopita mbele yetu na mabeseni kichwani walikuwa wanapita ndani yake bila kujua. Wakati wa kurudi saa ile ilichukuliwa. Nilitembea nikitazama chini, nikidhani nitaiona mahali ilipoanguka.

Mtu akikulia kwenye jambo kama hilo, halioni tena. Tunduma simu yako ikidakwa na mtandao wa Zambia, saa yake inarudi nyuma yenyewe, na unapokea ujumbe wa kukukaribisha katika nchi ambayo hujaingia. Hakuna anayeshangaa. Unatazama kioo, unaongeza saa moja kichwani, unaendelea na shughuli zako. Mgeni kutoka Dodoma angesimama kuuliza simu imepatwa na nini. Sisi hatuulizi.

Yadi ya malori iliyonipa kazi ilikuwa ya mama mmoja Mwislamu aliyehamia Tunduma kutoka Kondoa zamani, akiwa bado msichana. Alikuwa ameshahiji, na kila mtu alimwita Hajati. Malori yanayosubiri zamu ya kuingia forodhani yalikaa kwenye yadi yake, na sheria ilikuwa moja: anayefika kwanza anatoka kwanza. Sheria hiyo ndiyo iliyokuwa jina lake mjini. Dereva anaweza kusubiri siku tatu bila kelele, ilimradi aliyemtangulia alimtangulia kweli.

Getini alikaa dada mmoja Mnamwanga kutoka Ndalambo, aliyenizidi miaka kumi hivi. Kabla yangu, foleni nzima ilikuwa kwenye chaki yake. Lori likiingia, aliandika namba kwenye tairi la mbele, namba kubwa nyeupe, na kesho yake alizunguka yadi akisoma matairi na kuyaita moja baada ya jingine. Mvua ikinyesha namba zilifutika na ugomvi ulianza. Ndiyo sababu Hajati alinitafuta.

Nilikaa naye kutwa nzima nikimhoji kuhusu chaki. Nilitaka kujua kila kitu: anaanzia namba ngapi, lori likiharibika linapoteza zamu au la, dereva akilala fofofo anafanyaje. Alinijibu kwa subira, akicheka pale nilipouliza mambo ya kijinga. Kisha nikarudi kwenye chumba changu cha kupanga Vwawa, nikaandika.

Kwa kuwa mtandao unakatika ovyo, niliifanya simu ya getini, ambayo dada alikuwa nayo tangu zamani, ijitegemee. Lori likifika, dada anaandika namba zake za usajili, simu inabandika saa inayoonekana kwenye kioo chake, na orodha inajipanga kwa kufuata saa hizo. Kwenye orodha yenyewe saa nilizificha. Niliacha namba za malori tu, moja chini ya nyingine, kwa sababu nilipenda kioo kiwe safi. Niliweka pia kufuli: orodha ikishajipanga, hakuna mkono wa mtu unaoweza kuipangua. Niliijaribu Vwawa wiki nzima. Haikukosea hata mara moja.

Siku ya kukabidhi naikumbuka vizuri. Hajati alileta tende kwenye sahani ya bluu na kahawa yenye tangawizi. Tulisaini kwenye meza iliyokuwa inayumba. Nilimfundisha dada wa geti kwa muda usiofika saa moja, naye alibonyeza kioo kwa kidole kilichokuwa bado na unga wa chaki, kikaacha alama nyeupe kila kilipogusa. Nje malori yalikuwa yamenyamaza, yamepangana hadi yalipofifia kwenye vumbi. Nililiwahi basi la Vwawa nikiwa mwepesi kabisa.

Miezi mitano ilipita. Mama alinituma Tunduma kumnunulia bomba la kunyunyizia dawa ya kahawa, na nikiwa na bomba langu mgongoni nikaona nipite yadini kusalimia.

Getini palikuwa na madereva wamejiegemeza kivivu. Mmoja wao, kijana mwenye kofia ya sufu kwenye jua lile, alikuwa anamwita dada kwa sauti ya kuimba.

"Dada, leo foleni unauzaje? Kwa fungu au kwa kilo?"

Wenzake wakacheka. Mwingine, Mzambia mtu mzima, alisogea akamwita mama kwa lugha ya kwao, akasema kwa unyenyekevu wa kejeli, "Bamayo, na mimi nichagulie fungu zuri." Dada hakuinua uso. Nilimwambia shikamoo, akaitikia marahaba huku akiendelea kubonyeza simu, na hakuniuliza habari za nyumbani.

Hajati aliniita ndani, akafunga mlango. Alinieleza taratibu, kama mtu anayetaja maradhi ya ndugu yake. Kwa wiki nyingi sasa, malori yaliyochelewa kufika yalikuwa yanaonekana mbele ya yaliyowahi. Si kila siku, na si mengi, ila yalitosha. Madereva walikuwa wanasema dada wa geti anauza nafasi. Wasafirishaji wawili walishahamia yadi nyingine. Dada alikana, akaapa, akalia, akakana tena. Habari zilishafika Ndalambo, ambako alikuwa kiongozi wa kwaya ya akina mama, na wenzake walimwomba apumzike kwanza mpaka jambo lake litulie. Hajati alikuwa amempa mpaka Jumamosi aseme ukweli. Siku ile ilikuwa Jumatano.

"Binti," aliniuliza, "hiyo mashine yako inaweza kusema uongo?"

"Haiwezi, Hajati. Inaandika inachopewa."

Alivuta pumzi. "Basi Jumamosi namtoa."

Ningependa kuandika kwamba nilisita. Sikusita. Mimi niliyehoji mahubiri na vitabu vya chuo, sikuihoji kazi ya mikono yangu hata kwa kufumba na kufumbua. Nilimshuku mtu. Nilitoka nje nikiwa namsikitikia, na kumsikitikia mtu ni njia rahisi sana ya kumhukumu.

Dirisha la ofisi lilikuwa wazi. Dada alikuwa amesimama chini yake.

"Nimekusikia," alisema. "Umejibu haraka sana, mdogo wangu. Kwenye chaki uliniuliza kutwa nzima."

Safari ya kurudi Iyula sikumbuki hata nilikaa upande gani wa gari. Nakumbuka bomba la dawa mapajani, na vilima vya Mbozi vikija na kuondoka dirishani kama mawazo ya mtu mwingine. Nakumbuka pia kwamba kabla ya Vwawa jambo moja lilianza kunikwaruza. Kama dada anauza nafasi, anauzaje? Kufuli nililiweka mwenyewe. Hakuna mkono unaoweza kuipangua orodha ile, si wake, si wa Hajati, wala si wangu bila kuifungua programu upya. Kwa hiyo ama kufuli langu ni bovu, ama hakuna mtu aliyeigusa orodha na bado imepanguka. Vyote viwili vilinihusu mimi. Niliigeuza hesabu ile kila upande, na kila upande ilinitazama usoni.

Mama alilipokea bomba, akalikagua, akaniuliza mbona nimepauka. Nikamwambia kesho narudi Tunduma. Akanifungia viazi.

Alhamisi asubuhi nilimwomba dada ruhusa ya kukaa naye getini. Alinionyesha ndoo iliyogeuzwa chini juu. Kibanda chake kilikuwa kontena kuukuu lililokatwa dirisha, na tulikaa humo tukitazama malori yakiingia. Kila lori nililiandika kwenye karatasi yangu, kisha nikalilinganisha na orodha ya simu. Saa mbili, saa tatu, saa nne, saa tano, vyote vilikubaliana. Nilianza kumshuku tena. Naandika hili kwa sababu ni kweli.

Baada ya adhuhuri jua lilizunguka na kuingia dirishani moja kwa moja. Bati la kontena likaanza kulia. Dada alisimama, akachukua kigoda chake na simu, akazunguka nyuma, akakaa kwenye kivuli chembamba kati ya kontena na ukuta wa yadi. Inaelekea alifanya hivyo kila siku ya jua. Siku za mawingu alibaki ndani. Nikaichukua ndoo yangu, nikamfuata.

Nyuma kule palikuwa kama ndani ya chungu. Kelele za yadi zilifika zikiwa zimekunjwa. Upepo ulileta harufu ya dizeli na ya samaki wakavu kutoka sokoni, na mijusi miwili ilikuwa imelala ukutani. Nadhani nilisinzia. Nilijiona niko tena kwenye benchi la saruji, na mama yuko pembeni na maandazi, na watu wanapita na mabeseni, na muda ule laini wa ziada umetuzunguka pande zote.

Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa kunikaribisha Zambia. Nimeshaupokea mara zisizohesabika. Niliufuta kama mtu anavyomfukuza inzi. Nikatazama saa. Ilisema saa saba na robo. Nikaongeza saa moja kichwani, nikapata saa nane na robo, na kidole changu kikabaki hewani.

Nilimtazama dada. Alikuwa anaandika lori lililoingia wakati ule, na macho yake yalipita juu ya kioo kwa utulivu uleule. Na yeye alikuwa anaongeza. Hajati angeongeza, madereva wangeongeza, mji mzima ungeongeza. Programu yangu peke yake ndiyo haikuongeza, kwa sababu hakuna aliyeiambia kwamba iko Tunduma. Kontena lilikuwa linaukinga mnara wetu wa simu, na mnara wa upande wa pili ulikuwa unaidaka simu ya getini. Lori lililoingia saa nane na robo lilikuwa limebandikwa saa saba na robo, na kupita kimyakimya mbele ya yote yaliyofika ndani ya saa ile. Saa nilizozificha ili kioo kiwe safi.

"Dada," nilisema, "ni mimi."

Alinitazama muda mrefu. "Wewe nini?"

Nilimweleza. Nilitarajia afurahi, au alie, au anitukane. Alitikisa kichwa polepole, akarudi kwenye simu yake, kwa sababu lori jingine lilikuwa linapiga honi.

Kuandika marekebisho kulinichukua asubuhi ya Ijumaa, kwenye chumba cha wageni karibu na stendi. Niliiondoa ile saa ya kwenye kioo, nikaweka hesabu ya sekunde inayokwenda ndani ya simu, ambayo haijui mipaka ya nchi. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda. Nikakimbia hadi getini saa sita mchana, nikaichukua simu, nikaipandishia toleo jipya palepale.

Orodha ikapotea.

Kioo kilikuwa safi kuliko nilivyowahi kukitaka. Nje lilikuwapo lori linalotaka kuingia, na ndani malori yaliyofikiwa na zamu ya kutoka, na hakuna aliyejua nani anafuata. Honi zikaanza, moja, kisha tano, kisha yadi nzima ikawa inapiga kama ng'ombe walioona maji. Sikuwa nimefikiria njia ya kurudi nyuma. Kwenye mikataba hakuna mtu aliyewahi kuniona nikihitaji njia ya kurudi nyuma, kwa sababu nilikuwa nimeshaondoka.

Dada aliingiza mkono chini ya kigoda, akatoa kipande cha chaki. Akaichukua karatasi yangu ya hesabu za jana, niliyokuwa nimemwachia aiendeleze asubuhi, akatoka nayo, akaanza kuandika kwenye matairi. Nilimwona akipita kati ya malori yale marefu, mdogo, hana haraka, ameinama na kuinuka, na honi zikawa zinakufa nyuma yake moja baada ya nyingine. Alipomaliza, yadi ilikuwa kimya, na mimi bado nilikuwa nimeshika simu tupu.

"Haya," aliniambia. "Sasa tengeneza."

Toleo la zamani nililirudisha, na orodha ikarudi nalo. Kisha nikafanya kile ambacho ningepaswa kuanza nacho. Niliweka toleo jipya kwenye simu yangu mwenyewe, na mchana wote dada aliandika kila lori mara mbili, kwenye simu ya yadi na kwenye yangu, dirishani na kule ukutani. Jua liliposhuka na yeye kurudi ndani, tulikuwa na orodha mbili za mchana mmoja. Zilikubaliana kwa malori yote aliyoyaandika dirishani. Kuanzia alipohamia ukutani ziliachana kama ndugu wawili waliogombana.

Jumamosi asubuhi nilizipeleka zote mbili kwa Hajati, pamoja na karatasi yangu. Nilimwambia mashine yangu ilisema uongo, na kwamba nilikosea kumjibu vile. Alizisoma mstari kwa mstari, kidole kikitembea. Alipofika mwisho alisema astaghfirullah kwa sauti ndogo, akamwita dada, akamwomba radhi mbele yangu. Dada aliitikia kwa heshima. Kisha akanigeukia mimi.

"Hapa ofisini sikutukanwa," alisema. "Nimetukanwa getini. Kayaseme getini."

Hajati alikubali palepale. Kwa hiyo nilisimama kwenye ngazi ya kichwa cha lori, mbele ya madereva wa nchi mbili au tatu, nikaeleza. Nilisema programu niliiandika mimi, kosa ni langu, dada hakuuza nafasi hata moja. Nilieleza habari ya minara miwili na ile saa. Mwanzoni walinitazama kama mhubiri wa stendi. Kisha yule kijana wa kofia ya sufu akatoa simu yake, akazunguka nyuma ya kontena, akakaa kidogo, akarudi akiwa ameiinua juu kuwaonyesha wenzake.

"Kumbe simu ndiyo iliyokuwa inakula rushwa," alisema.

Walicheka sana, na kicheko kile kiliniuma na kuniponya kwa wakati mmoja. Yule Mzambia mtu mzima alikwenda dirishani, akavua kofia, akapiga makofi mepesi ya adabu kama wanavyofanya kwao, akasema, "Mutujeleleko, bamayo," yaani tusamehe. Dada alimwandikia lori lake. Jumapili ile Hajati, Mwislamu mwenye ushungi wake, alipanda gari hadi Ndalambo, akasimama nje ya kanisa akasubiri ibada iishe, akawaeleza akina mama wa kwaya mwenyewe.

Nilipokuja kuaga, Hajati aliniambia kwamba hahitaji programu nyingine. Alitaka mtu wa kuja kukaa na hii. Aje mara kwa mara, aitazame, aibadilishe bila kuisimamisha, na ajue inaumwa kabla madereva hawajajua. Aliniuliza kama kazi kama hiyo ina jina. Nilimwambia ninaowafahamu Dar es Salaam wanaiita DevOps. Akalionja neno lile mdomoni, akaliacha.

Sikuiacha mikataba siku moja. Iliniacha polepole, kama ukungu wa Iyula unavyoacha shamba, hujui ni saa ngapi ulianza kuiona miti. Nilirudi Kamsamba kwenye mashine ya mpunga, nikakuta programu yangu imezimwa zamani na mwenye mashine anaona haya kuniambia. Nilirudi shuleni. Nilianza kujifunza kile nilichokidharau: namna programu inavyotoka kwenye kompyuta ya mwandishi hadi kwa mtu wa mwisho, namna ya kuipeleka kidogokidogo, ya kuirudisha ikileta balaa, ya kuisikiliza usiposikia malalamiko. Sasa ndiyo kazi yangu. Kampuni za Mbeya, za Dar, na moja ya Lusaka huniita niwashauri. Wengi hutarajia nije na michoro. Mimi siku ya kwanza huomba kiti karibu na mtu anayeitumia programu, na hukaa hapo mpaka jua lizunguke. Wengine huona ni maringo.

Mama bado huniuliza kazi inaishia wapi. Nimeacha kumjibu kwa swali. Namwambia haiishi, naye husema hiyo basi si kazi, ni mtoto.

Mwaka jana nilikwenda Ndalambo kumtembelea yule dada. Bado yuko getini, na kwaya anaiongoza tena. Siku hiyo alikuwa mapumzikoni, tukakaa uani kwake tukibangua karanga. Tulikuwa tunacheka habari za siku ile orodha ilipopotea. Akaniambia, bila uchungu wowote, huku akipepeta maganda, kitu ambacho nimekitafuta kichwani tangu hapo na sikipati popote. Siku ya kukabidhi, nilipokuwa namfundisha, aliniambia kwamba simu ile hurudi nyuma saa moja akikaa nayo ukutani, akaniuliza kama haitaleta shida. Nami nilimjibu, "Hiyo haihusiani, dada," nikafunga begi langu.